Kazi Imetolewa Bure, Jina Limezuiwa

Tujaalie kwamba yupo kijana fundi wa kompyuta, mwenye kibanda karibu na stesheni ya Tabora. Amechukua programu ambayo watunzi wake wameitoa bure, tena wameandika katika leseni yake kwamba kila mtu ana ruhusa kuitumia, kuifungua, kuirekebisha na kuwagawia wengine. Ameirekebisha kweli: amesahihisha Kiswahili chake, ameondoa asivyoviona na faida, na sasa aiweka katika kompyuta kuukuu za shule. Ndipo anapoambiwa: Vema, endelea, lakini jina letu na picha ya chapa yetu uviondoe. Kijana anaona uchungu. Mtu aliyenipa ng'ombe mzima, auliza, akaninyima kengele ya shingoni, amenipa kweli?

Swali hilo si la kuchekwa, na limekwisha kuwagombanisha watu wazima. Debian ni mkusanyo mkubwa wa programu huria, ulioanzishwa mwaka 1993. Ndani yake watunzaji wake walikuwa wakitia Firefox, programu ya kusomea intaneti, wakiitengeneza kwa mikono yao, na kuiacha nje picha ya mbweha mwekundu kwa kuwa picha hiyo haikuwa na leseni huria. Mwaka 2006 wenye jina, yaani Mozilla wa Marekani, wakasema jina na picha viende pamoja, na marekebisho yaonyeshwe kwao kwanza. Kama sivyo, jina liachwe. Debian wakaliacha. Programu ile ile wakaiita Iceweasel, ikaitwa hivyo miaka kumi hivi, hata pande mbili zilipopatana mwaka 2016. (Debian nao, tusisahau, walikuwa wamejiwekea alama mbili: moja ya kutumiwa na watu wote, na nyingine, yenye chupa, iliyofungwa kwa masharti.)

Watu wa Tabora wana sababu ya kuufahamu ugomvi huu, maana mji wao ulikua kwa biashara ya njia, na katika njia ile fedha ilikuwa nguo, shanga na nyaya. Burton na Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora, mwezi Novemba 1857, nguo iliyosifiwa kuliko nyingine ilikuwa merikani, kitambaa kigumu cha pamba kisichopaushwa, kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja kwa merikebu za Salem. Hongo ya watemi na posho ya wapagazi vilipimwa kwa shuka na doti zake. Kisha Wamarekani wakapigana wao kwa wao, 1861 hata 1865, pamba ikaadimika. Na viwanda vya Uingereza na vya Bombay vikaleta vitambaa vya kuigiza. Lakini jina halikubadilika. Mpaka leo kitambaa cha namna hiyo huitwa marekani, awe amekifuma nani.

Sasa mfikirieni mpagazi aliyepokea ujira wake Bagamoyo, ili akaununulie chakula njiani mwendo wa siku nyingi. Kiwanda hajakiona wala hatakiona. Ana jina tu, na vidole vyake vya kupapasia. Kufuma kitambaa kama kile cha Massachusetts hakukuwa wizi, kwa kuwa ufundi wa kufuma si mali ya mtu mmoja. Na pengine kitambaa cha Bombay kilikuwa kizuri. Kosa huanza pale jina la mtu linapotumwa liseme neno ambalo mwenyewe hakulisema.

Sisi Wakatoliki tuna mfano nyumbani. Fungueni kitabu cha sala cha zamani kilichochapwa Kipalapala na kuuzwa na T.M.P., Tabora. Katika kurasa za mwanzo hutafutwa maneno ya Kilatini, Nihil obstat na Imprimatur, yaani hakuna kizuizi, na kichapwe, pamoja na jina la mkubwa wa Kanisa aliyekiruhusu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 829, yasema ruhusa hiyo ni ya maandishi ya asili, wala haiyafuati matoleo mapya au tafsiri. Je, ni choyo? Sala ni ya kila Mkristu, hakuna aitozaye ushuru. Lakini jina la Askofu ni shahidi, na shahidi hawezi kuapa juu ya asichokiona. Katika jambo hili Amri ya Nane yatufaa zaidi kuliko ile ya Saba.

Hata hivyo wenye majina wasishangilie mapema. Debian walikuwa wakiziba matundu katika matoleo ya zamani ambayo Mozilla walikwisha kuyaacha, kwa ajili ya watu wasioweza kubadili kila mara. Wezi wanapopita katika tundu, fundi angoje barua kutoka ng'ambo? Mwenye jina aweza kulichukua jina lake. Kumzuia mtu asishone palipochanika hana haki. Kwa bahati leseni zile huilinda haki hiyo ya kushona.

Tena lipo jina ambalo halina mwenyewe. Mwaka 1994 kampuni ya Disney iliomba maneno hakuna matata yaandikishwe Marekani kuwa alama yake ya biashara kwa nguo, ikakubaliwa mwaka 2003. Na mwaka 2018 watu zaidi ya laki moja walitia sahihi kuyapinga. Wanasheria hutuambia hakuna anayekatazwa kuyasema, na ni kweli. Lakini jina la Firefox lamshuhudia aliyeitunga. Hakuna matata yamshuhudia nani katika fulana? Maneno hayo tuliyakuta vinywani mwa wazee wetu.

Kijana wetu, basi, na amwondoe mbweha. Hasara ataipata, tusimdanganye, kwa sababu jina linalojulikana hufungua milango ambayo jina geni hubisha bila kujibiwa. Asitafute pia jina linalopishana na lile kwa herufi moja, kama tuonavyo katika betri na viberiti sokoni. Siku mwalimu mkuu atakapouliza hii ni programu gani, amwambie ilitoka kwa nani, na yeye ameongeza nini. Huenda mwalimu akasita. Hapo kijana awashe kompyuta, amwonyeshe.