Nani wa Kuufunga Mlango wa Seli?

Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako. Virusi vya UKIMWI (VVU) havibomoi ukuta ili kuingia kwenye seli. Vinapita mlango ambao mwili wenyewe umeutengeneza kwa shughuli zake. Kwenye seli nyeupe za damu zinazoongoza kinga kuna protini iitwayo CD4. Kirusi hung'ang'ania hapo kwanza, kisha hushika kipokezi cha pili, mara nyingi CCR5, ndipo utando wake unapoungana na wa seli. Hata seli iliyokwisha kuambukizwa huweza kuigandama jirani yake: protini za kirusi zilizochomoza juu yake hunasa CD4 ya yule mzima, na virusi huvuka palepale zilipogusana.

CCR5 haikuwekwa kwa ajili ya kirusi. Kazi yake ni kupokea ishara zinazoziita seli za kinga penye maradhi. Mwaka 1996 ilibainika kwamba baadhi ya watu, hasa wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya, huzaliwa bila kipokezi hicho, na VVU huwaambukiza kwa nadra sana. Mmarekani Timothy Ray Brown, aliyeugua saratani ya damu, alipandikizwa uboho wa mtu wa aina hiyo mjini Berlin mwaka 2007, akapona VVU. Aliulizwa, akakubali.

Lulu na Nana hawakuulizwa.

Novemba 2018 mwanasayansi wa China, He Jiankui, alitangaza kuzaliwa kwa mapacha hao aliowakata jeni ya CCR5 wangali viinitete. Majina ni ya kuwasitiri. Baba yao alikuwa na VVU, mama hakuwa navyo, na mbegu za baba zilisafishwa maabara, njia inayotosha kumkinga mtoto. Mlango ulifungwa pasipo mwizi! Tena wanaokosa CCR5 wamo hatarini zaidi kuzidiwa na homa ya Nile Magharibi.

Wapo watakaosema hata chanjo mtoto haulizwi. Ni kweli, ila chanjo hairithiwi na wajukuu. Uislamu unafundisha kwamba mwili ni amana, na amana hutunzwa, hutibiwa pia. Lakini amana ya vizazi visivyozaliwa haiwezi kuchezewa na mtu mmoja kwa siri. He alikosea.

Desemba 2019 mahakama ya Shenzhen ilimfunga miaka 3. Mkato ule umebaki miilini mwa mabinti hao, na watoto wao huenda wakaurithi.