Mtoto Mwenye Hasira: Tumpeleke kwa Nani?

Somo: Marko 9:14-29



Mtakatifu Marko atueleza habari za baba mmoja aliyemleta mwanawe kwa wanafunzi wa Bwana, nao wakashindwa kumponya. Bwana Yesu aliposhuka mlimani pamoja na Petro, Yakobo na Yohana, alikuta waandishi wanabishana na wanafunzi, na mkutano mkubwa umewazunguka. Maneno yalikuwa mengi, lakini mtoto alikuwa bado hajapata msaada.

Ugonjwa wa mtoto yule haukuwa hasira. Lakini mabishano ya namna ile twayajua sana. Akiwapo mtoto apigaye wenzake, avunjaye vyombo na kumtukana mama yake mbele ya wageni, wasemaji hawakosekani. Huyu asema, "Amedekezwa, apigwe." Yule asema, "Ana pepo, aombewe." Wa tatu asema, "Ndio ukoo wa baba yake." Naye mama, kwa kuona haya, huacha kuja naye kanisani, kisha huacha kuja mwenyewe. Hivyo kanisa hupoteza wawili.

Tazameni alivyofanya Bwana. Hakuingia katika mabishano. Alimgeukia baba akamwuliza mtoto amekuwa hivyo tangu lini. Yeye ajuaye yote aliuliza. Je, sisi tusiojua tutoe hukumu kwanza? Ndivyo Mungu alivyofanya tangu mwanzo. Kaini alipokasirika, kabla hajamwua ndugu yake, Mungu alimwuliza sababu ya hasira yake (Mwanzo 4:6). Yona naye aliulizwa vivyo hivyo (Yona 4:4). Na Eliya alipochoka hata akaomba kufa, alipewa kwanza usingizi, mkate na maji. Mazungumzo yakafuata baadaye (1 Wafalme 19).

Hasira yenyewe si dhambi. Bwana wetu alikasirika alipoona ugumu wa mioyo ya watu katika sinagogi (Marko 3:5). Hasira ya mtoto ni kama homa. Homa hutuambia kwamba kuna ugonjwa, lakini haituambii ni ugonjwa gani. Mganga mwema hutafuta kwanza kisa chake ndipo atoe dawa.

Basi na tuulize. Mtoto ana umri gani? Wa miaka 2 au 3 akijitupa chini na kulia, hilo ni jambo la kawaida, maana bado hana maneno ya kutosha kueleza anachotaka. Wa miaka 9 afanyaye hivyo kila siku ni habari nyingine. Je, anasikia vizuri? Mtoto asiyesikia sawasawa huitwa mkaidi, kumbe hakusikia alichoagizwa. Je, anaona ubaoni? Anaweza kusoma, au huchekwa darasani kila asubuhi? Analala vya kutosha? Ana kifafa? Aliwahi kuugua malaria iliyopanda kichwani? Madaktari wameona kwamba malaria ya namna hiyo huweza kumwachia mtoto mabadiliko ya tabia hata baada ya homa kwisha. Je, amefiwa? Husikia baba na mama wakipigana usiku? Yuko mtu amwoneaye au amchezeaye mwili kwa siri? Mtoto aliyetendewa hivyo mara nyingi hawezi kusema, bali hasira yake husema kwa niaba yake.

Jibu la maswali hayo ndilo litakalotuonyesha mlango wa kubisha. Mwenye shida ya masikio au macho aende hospitali. Ashindwaye masomo, tukazungumze na mwalimu wake. Aliyefiwa ahitaji mtu wa kukaa naye na kumtaja marehemu bila hofu. Ikiwa vita viko kati ya baba na mama, wao ndio waanze kutafuta msaada. Na mtoto anayeonewa, habari zake zipelekwe kwa afisa wa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi. Hapa Tanzania iko simu ya kusaidia watoto, namba 116, isiyolipiwa.

Ikiwa hasira imedumu miezi mingi, au mtoto ajidhuru, atesa wanyama, achoma vitu moto, au alibadilika ghafula, tusikawie kwenda zahanati au kituo cha afya, tukaombe kupelekwa kwa wataalamu wa afya ya akili. Twajua kwamba watu wamelifanya jina la Mirembe, hospitali ya Dodoma, kuwa tusi, na wazazi huogopa mwana wao asije akaitwa kichaa. Ndugu, tusiache mtoto aharibike kwa kuogopa ulimi wa jirani. Aliyevunjika mguu hachekwi akienda kwa daktari.

Na fimbo je? Mtoto apigwaye na mtu aliyekasirika hujifunza jambo moja tu, kwamba mwenye nguvu akikasirika hupiga. Mtume Paulo awaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao (Waefeso 6:4). Hatusemi mtoto aachwe bila adabu. Sheria za nyumbani ziwe chache, na za leo ziwe zile zile za kesho. Moto wa hasira unapowaka, mzazi ashushe sauti, awaondoe wadogo wasiumizwe, angoje. Mafundisho yafuate mtoto akisha kutulia. Na siku aliyojizuia, asifiwe.

Maombi hayagombani na dawa. Luka, mwandishi wa Injili, alikuwa tabibu (Wakolosai 4:14). Tumwombee mtoto, tena mbele yake, kwa upole, apate kusikia jina lake likitajwa kwa upendo. Lakini kumfunga kamba, kumnyima chakula au kumchapa ili pepo atoke, hayo si maombi, na Mkristo asikubali mwanawe atendewe hivyo.

Tukumbuke pia kwamba yule baba hakuomba msaada kwa ajili ya mtoto peke yake. Aliomba wahurumiwe wote wawili, maana nyumba nzima ilikuwa imechoka. Mwaka 1876 huko Old Alresford, Uingereza, Mary Sumner, mke wa kasisi, aliwakusanya akina mama wa parokia ili wasaidiane katika kulea watoto. Hapo ndipo ulipoanza Umoja wa Akina Mama wa Kanisa letu la Anglikana. Basi, wamama, kazi hii ni yenu tangu mwanzo. Mchukueni mtoto huyo alasiri moja, mama yake apumzike. Walimu wa Shule ya Jumapili, msimfukuze; mpeni kazi ya kugawa vitabu, akae karibu nanyi. Wazazi wa ubatizo, kumbukeni ahadi zenu penye kisima cha ubatizo. Akina baba, mfuateni baba mwenzenu, mmsindikize hospitali.

Na wewe mzazi uliyekwisha kubisha mlango mmoja usifunguliwe, usirudi nyumbani. Wanafunzi walimshinda baba yule moyo, lakini hakumrudisha mwanawe kwake. Alingoja hata Bwana akashuka mlimani. Imani yake ilikuwa nusu, na alikiri hivyo kwa machozi, wala hakukataliwa.

Mtoto alipoanguka, wengi walisema amekufa. Bwana alimshika mkono akamwinua, akasimama. Mikono aliyo nayo Bwana katika parokia hii ni yetu. Atujalie neema ya kuuliza kabla ya kuhukumu, na kushika mkono wa mtoto ambaye wengine wamekwisha kumkatia tamaa. Amina.