Mgeni Akija, Mwenyeji Akahama

Wazee wetu walituachia maneno mawili juu ya mgeni. La kwanza ni hili: Mgeni njoo, mwenyeji apone. La pili: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Twayatumia kila siku, nasi twadhani kwamba twayajua. Lakini neno la wazee ni kama shoka. Makali yake hayajulikani mpaka lipigwe katika mti mgumu. Basi leo twataka kuyajaribu maneno haya mbali na kwetu, katika mji wa Venice, nchi ya Italia.

Mji huu una habari kidogo nasi. Katika karne ya 19 ushanga wa kioo uliofanywa Venice uliletwa Unguja kwa merikebu, ukachukuliwa na misafara hata bara, ukavaliwa na bibi zetu. Mji wenyewe umejengwa juu ya visiwa zaidi ya mia, na nyumba nyingi zimesimama juu ya magogo yaliyopigwa chini katika matope. Njiani hamna motokaa. Watu huenda kwa miguu wakivuka madaraja, au kwa mashua katika mifereji.

Sasa tufikiri mume na mke wa Ulaya, watu wa makamo, waliofanya kazi mwaka mzima na kuweka akiba. Majira ya joto yafikapo, mwezi wa Julai, hawataki kukimbia mji baada ya mji kama watu wanaofukuzwa. Wapanga nyumba ndogo Venice kwa majuma manne. Asubuhi waenda soko la Rialto kununua samaki na mboga. Adhuhuri, jua likiwa kali, wafunga madirisha na kulala. Jioni waketi kando ya maji wakitazama mashua zikipita. Hawana haraka, hawana kelele, wala hawatupi taka. Je, watu hawa wana kosa gani?

Wengine watasema kosa lao ni uvivu. Sisi hatusemi hivyo, maana mtu aliyelima ana haki ya kukaa kivulini. Tena mgeni wa siku moja, ajaye asubuhi na kuondoka jioni, amekuwa mzigo zaidi machoni pa wakuu wa mji, hata tarehe 25 Aprili 2024 walianza kumtoza yuro 5 katika siku kadha za msongamano. Alalaye mjini hatozwi ada hiyo, kwa kuwa hulipa kodi nyingine pamoja na malazi yake. Basi mume na mke wetu wafurahi mioyoni, wakisema, Sisi tu wageni wema.

Walakini hapo ndipo penye fundo. Nyumba ile waliyolala, nani alikuwa akilala humo zamani? Mwaka 1951 mji wa kale wa Venice ulikuwa na wenyeji wapata 175,000. Mwaka 2022 hesabu yao ilishuka chini ya 50,000. Karibu na daraja la Rialto, katika dirisha la duka la dawa, mwaka 2008 kiliwekwa kibao cha kuonyesha hesabu ya wenyeji waliosalia, kama mchungaji ahesabuye mbuzi jioni na kuona zizi lapungua. Hata mwaka 2023 watu waliohesabu walikuta vitanda vya wageni vimekuwa vingi kuliko wenyeji. Sababu za kuhama ni nyingi: mafuriko makubwa ya mwaka 1966, kazi zilizo ng'ambo, gharama za kutengeneza nyumba za kale. Lakini mojawapo ni hii, kwamba mwenye nyumba hupata fedha zaidi kwa mgeni kuliko kwa mwalimu au mchukuzi wa mji. Basi kijana akioa, hapati pa kukaa. Avuka maji na kwenda zake.

Mtu atasema, Mwenye nyumba alikubali, na fedha alipokea, deni limekwisha. Twajibu, Mwenye mlango si mwenyeji peke yake. Kijijini mgeni akija kwako, jirani ndiye atoaye chumvi, na mtoto wa jirani ndiye achotaye maji. Mwenyeji ni mji wote. Fedha ilimfikia mmoja, na hasara imewafikia wengi ambao hawakuulizwa. Mgeni amekuja, lakini mwenyeji hakupona; amehama.

Tazameni jambo moja. Mwaka 1575 tauni iliingia Venice, ikaua watu makumi elfu hata mwaka 1577. Wakuu wa mji wakaweka nadhiri ya kujenga kanisa la Mkombozi, na fundi Palladio akalichora. Mpaka leo, kila Jumapili ya tatu ya Julai, hutandazwa daraja juu ya maji, watu wakavuka kwenda kushukuru. Na usiku wa kuamkia siku hiyo hurushwa fataki. Mume na mke wetu watavuka pia, nao watafurahi. Lakini nadhiri ile iliwekwa na wenyeji. Wenyeji wakiisha, nani atashukuru? Daraja litatandazwa na fataki zitaruka, lakini itakuwa arusi isiyo na bwana arusi.

Je, wasiende? La, maana wako wengi huko waishio kwa mkono wa mgeni: mpiga kasia, mwoka mikate, fundi wa kioo. Ila siku ya tatu washike jembe. Jembe lao ni kuuliza kabla ya kulala, Kitanda hiki kimemtoa nani? Wachague nyumba iliyojengwa kwa wageni, au chumba ambacho mwenye nyumba angali akikaa karibu nacho. Na mji ukiweka mpaka wa nyumba za kupangishwa, wakubali, hata ikiwa mwaka ujao watakosa nafasi. Hili ndilo jembe zito: kupenda mahali pa watu hata kukubali kuambiwa, Mwaka huu hapana.

Nasi tusiwacheke. Kila mmoja wetu amekwenda arusini au kilioni kwa ndugu, akapewa kitanda cha mtoto wa nyumba. Asubuhi twaulizwa, Mmelalaje? nasi twajibu, Vema. Yafaa nasi tuulize, Ni nani aliyelala chini kwa ajili yetu, na kwa siku ngapi?