Chumba cha Darini

Pengine una mwana au ndugu anayekaa Uingereza. Paa za nyumba nyingi za huko zimeinuka sana, hata kati ya dari na vigae mna nafasi ambayo mtu mzima aweza kusimama. Familia ikiongezeka, na fedha za nyumba kubwa zaidi hazipo, baba hununua msumeno, mbao na misumari, akaanza mwenyewe kila Jumamosi kuigeuza nafasi ile kuwa chumba cha kulala. Ni jambo jema, wala sitaki kumvunja mtu moyo.

Lakini liko swali. Mwenye kuajiri fundi humsimamia. Je, aliye fundi na tajiri wa kazi kwa pamoja, asimamiwe na nani?

Maana katika chumba hiki karibu kila kilicho muhimu hufichwa. Boriti za zamani mara nyingi ziliwekwa kushikilia dari tu. Dari ya namna hiyo hukadiriwa kubeba kilo 25 hivi kwa mita moja ya mraba, hali sakafu ya chumba cha kuishi hukadiriwa kilo 150. Yafaa basi ziwekwe boriti mpya nene zaidi, zikiegemea kuta zenye nguvu. Ile sufi ya nyuzi za kioo inayozuia baridi haitakiwi kuziba kabisa njia ya hewa chini ya paa. Ikiziba, unyevu wa pumzi za wanaolala hugeuka maji juu ya mbao baridi, nazo huoza pole pole. Waya wa umeme nao ukizikwa ndani ya sufi hushindwa kutoa joto lake. Kisha hupigiliwa mbao za jasi, hupakwa plasta na rangi nyeupe. Hapo chumba kilichofanywa kwa uangalifu na kile kilicholipuliwa havitofautiani hata kidogo.

“Nyumba ni yangu,” mtu husema, “na hasara ikija ni yangu.” Hoja hii ina nguvu kuliko tupendavyo kukiri. Mtu akitaka kulala juu ya boriti dhaifu, shauri lake. Lakini atakayelala mle ni mtoto, au shangazi aliyekuja kutembea, ambaye hakuziona boriti. Moto ukizuka usiku, moshi hupanda kwa ngazi kama kwa bomba, na aliyeko darini ndiye aliye mbali na mlango kuliko wote. Nazo mbao zinazooza, kwa kuwa huchukua miaka, huenda zikamharibikia mnunuzi ambaye mjenzi hajapata hata kumwona.

Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inamwagiza ajengaye nyumba mpya azungushe ukuta wa kuzuia juu ya dari yake, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba. Angalia kwamba haiulizi yule aliyeanguka alikuwa akitafuta nini huko juu.

Mwingine ataniuliza, na maskini je? Milango inayostahimili moto ni ghali, na watoto watatu wanalala kitanda kimoja usiku huu. Siwezi kumwambia asubiri kana kwamba kusubiri hakuna gharama. Ila nadhani twakosea tukidhani ubaya uko katika kuacha kazi nusu. Dari iliyoachwa wazi, yenye masanduku machache, haimdanganyi mtu. Kila apandaye hutazama anapokanyaga. Udanganyifu huingia pamoja na rangi na kitanda. Ukuta mweupe na shuka safi humwambia mgeni alale bila hofu, naye huamini.

Sheria za huko zataka mkaguzi wa majengo ajulishwe, naye huja kutazama kazi kabla haijafunikwa. Wengi humwona msumbufu. Mimi namwona kuwa ni macho ya yule shangazi, yaliyotangulia kufika. Na mkaguzi akiisha kwenda, zipige picha boriti na nyaya zikali wazi, uziweke pamoja na hati za nyumba, ili atakayeinunua ajue kilichomo nyuma ya rangi.