Rangi Nyeusi ya Uvunguni

Anayefufua Land Rover ya zamani huanza na habari njema. Bodi ya gari hilo ni ya aluminiamu, kwa sababu lilipotoka mara ya kwanza mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgao. Aluminiamu haiotwi na kutu nyekundu. Ukinyoosha mabati, ukapiga msasa na kupaka rangi mpya, gari la miaka 50 linarudi barabarani kama lililonunuliwa jana. Habari mbaya iko uvunguni. Chesisi inayobeba uzuri wote huo ni ya chuma cha kawaida, na chuma kina maisha yake.

Kwa mtu wa Isansa, huku Mbozi, maisha hayo ni mafupi. Mvua huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili. Udongo mwekundu hugeuka tope linalong'ang'ania kila kona ya chini ya gari na kubaki na unyevu siku nyingi baada ya jua kutoka. Gari linalobeba kahawa msimu mmoja hubeba mbolea msimu mwingine, na mbolea ikimwagika na kulowa hufanya kazi ya chumvi: huharakisha kutu. Tena chesisi ya Land Rover ni kama bomba la mraba lenye uwazi ndani. Maji yakiingia na matundu ya kutolea yakiwa yamezibwa na tope, chuma huliwa kutoka ndani, mahali ambapo hakuna jicho.

Dawa yake inajulikana gereji zote. Unaosha tope lote, unaacha pakauke kabisa. Unakwangua kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae. Palipooza unakata na kuchomelea chuma kipya. Unapaka rangi ya kuzuia kutu, inakauka, ndipo unaweka tabaka zito jeusi lenye asili ya lami. Ni kazi ya siku kadhaa, umelala chali, vumbi la kutu likikuangukia usoni.

Ipo pia njia ya mchana mmoja. Unapaka lami hiyo hiyo juu ya kutu. Palipotoboka unabandika kipande cha bati, unaziba kwa puti, unapitisha brashi. Unyevu uliofungiwa chini ya rangi unaendelea na kazi yake kimyakimya, na kwa kuwa kutu hujaa nafasi kubwa kuliko chuma kilichozaliwa nacho, siku moja rangi itavimba na kubanduka. Lakini siku hiyo iko mbali. Leo, ukiyapandisha magari yote mawili juu ya shimo la gereji na kuyamulika kwa tochi, utaona weusi uleule.

Hapo ndipo swali la maadili linapoanza. Tumezoea kudhani kwamba kulinda na kuficha ni vitendo viwili vinavyotofautiana kwa sura. Uvungu wa gari unatuambia kwamba vinaweza kutumia kopo moja, brashi moja na mkono mmoja. Tofauti iko katika yaliyofanyika kabla, na kabla haionekani.

Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala kuhusu soko la magari yaliyotumika. Hoja yake ilikuwa nyepesi: muuzaji anajua ubovu wa gari lake, mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, mnunuzi hutoa bei ya wastani. Bei hiyo ni hasara kwa mwenye gari zuri, naye hujitoa sokoni. Wanabaki wenye mabovu. Hoja hiyo ilichangia kumpa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001, lakini fundi yeyote mwaminifu angeweza kumsimulia. Yule wa siku kadhaa na yule wa mchana mmoja wanaonyesha uvungu unaofanana, na mteja anauliza kwa nini amlipe wa kwanza zaidi.

Wa pili naye ana utetezi. Mteja mwenyewe alileta fedha ya rangi tu. Mnunuzi ana macho, akague. Ningeweza kukubali kama gari lingewahusu hao wawili peke yao. Lakini mabomba ya breki nayo hupita huko chini, nayo ni ya chuma. Mama aliyekaa nyuma na gunia lake la mahindi gari likishuka mlima Senjele hakuwapo wakati wa mapatano. Hata anayechagua njia rahisi zaidi, kupaka oili chafu, ana mtu wa aina hiyo: oili hudondoka, mvua huisomba, na kuna anayechota maji kule chini bondeni. Chuma changu kinapona, ugonjwa unahamia kwa mwingine.

Kwa hiyo nia njema ya fundi haitoshi, maana haionekani zaidi ya chuma kilichopakwa. Katika wilaya hii hii, Ndolezi, kuna kimondo cha Mbozi, pande la chuma na nikeli linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16. Zamani ilionekana sehemu ya juu tu. Watu wakachimba kilima pande zote, wakaacha nguzo ya udongo katikati na kuiimarisha kwa zege. Leo unaweza kuinama na kukitazama hata tumboni. Ingekuwa rahisi zaidi kukiacha kilivyolala na kuwaambia wageni waamini.

Nadhani hilo ndilo deni la anayefunika kitu ambacho wengine watakiegemea: aache njia ya kukagua. Kwa gari, hayo ni mambo madogo. Kupiga picha chesisi ikiwa uchi, kabla na baada ya kuchomelea, na kumkabidhi mwenye gari. Kuzibua matundu ya maji yaliyozibwa na lami. Ndani ya bomba, kupulizia nta nyepesi inayopenya badala ya kitu kizito kinachoziba. Kusema wazi, "Hapa nimeweka chuma kipya, pale pamebaki pembamba, urudi kabla ya mvua zijazo."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali inamsema mgonjwa anayejificha mwenyewe. Uvunguni hali ni nzito zaidi, kwa sababu anayeficha hupokea malipo yake na kwenda nyumbani, na siku ya kuumbuka humkuta mtu mwingine kwenye usukani.