Wanangu, Nyumbani Mna Kinoo Gani?

Kila inapokaribia Krismasi mmoja wenu huniletea kisu kipya kutoka soko la Kilombero, kinameremeta, na muuzaji amemwapia kwamba hakiishi makali. Mimi hucheka tu. Muuzaji wa visu ni kama muuza parachichi: kila lililo mkononi mwake limeiva. Kisu kisichoisha makali nimeahidiwa tangu enzi za Nyerere, na bado nakisubiri.

Mnataka mambo matatu kwa chuma kimoja: kishike makali, kisimeguke, kinoleke upesi. Yote matatu kwa pamoja hayauzwi. Chuma kikifanywa kigumu sana makali yatakaa, lakini siku utakayokitwanga kwenye mfupa wa mbuzi kitang'oka meno, na hapo kukinoa ni kazi ya kutwa. Kikifanywa laini hakimeguki, na kinanoleka hata kwenye kitako cha kikombe cha udongo, ila kuku wa pili humkati tena, unamsugua.

Tazameni sime za Wamaasai. Nyingi zimefuliwa kwa springi bapa za Land Rover na malori, chuma chenye kaboni kama asilimia 0.6 na kromu isiyozidi sana asilimia moja. Kilitengenezwa kibebe gari kwenye mashimo, kijipinde na kurudi, ndiyo maana sime hugonga fundo la mti ikarudi kwenye ala yake nzima. Ikiwa butu, tupa inatosha. Ila kutu, ndugu zangu! Menya ndizi za mtori kwa kisu cha springi, ukiache na utomvu wake mpaka asubuhi, halafu usinilaumu kikiwa cheusi.

Kutu hiyo ndiyo iliyotuleta kwenye chuma kisichoshika kutu. Harry Brearley, Mwingereza wa Sheffield, alikipata mwaka 1913 akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki, akatia kromu karibu asilimia 13. Kitu chema kabisa. Lakini vile visu vya bei ya kutupa vina kaboni haba, na chuma chenye kaboni haba hata ukichome na kukizamisha kwenye mafuta hakigeuki kigumu. Rahisi huvunja upishi, walisema waliotutangulia, nasi tunaendelea kununua rahisi.

Na kuna ugonjwa wa upande wa pili: ugumu uliopita kiasi. Mjukuu wangu mmoja, mgumu wa kubeba mizigo Mlima Meru, aliachiwa na mtalii kisu cha kukunja chenye vanadiamu nyingi. Kilikata miezi. Kilipokuwa butu alikisugua kwenye jiwe la mtoni mpaka jiwe likalainika, kisu kikabaki vilevile, kwa kuwa chuma cha namna ile hutaka kinoo cha almasi. Sasa kiko kabatini, kinaheshimiwa.

Ndipo mnamkimbilia mnoa visu wa baiskeli. Simsemi vibaya, ana watoto wa kulisha, na wateja hupenda kuona cheche. Lakini mkiona ukingo umegeuka bluu, joto limefika karibu nyuzi 300, na ule ugumu mlioulipia umeondoka hapohapo. Kisu kitakata kwa siku mbili tatu, kisha mtamlaumu aliyewauzia. Mwombeni achovye kisu majini kila anapokipitisha, na muwe na subira kidogo; shilingi mia tano za ziada hazitawaua.

Muuza nyama wa buchani haangaiki na haya. Kila baada ya vipande vichache hupitisha kisu kwenye mgongo wa kisu kingine, bila hata kuangalia, na mifupa humwachia shoka.

Ndiyo maana mkiniuliza mnunue kipi, nawauliza kwanza nyumbani mna kinoo gani na nani atakishika. Kama ni jiwe na uvivu, chukueni chuma laini kiasi. Na kopo la maziwa mtalifungua kwa ncha ya kisu, najua, mara tu nikigeuza mgongo. Basi wekeni kimoja kibovu karibu na jiko kwa kazi hiyo.