Mchele Kwanza, au Universite?

Vita vikiisha na sanduku la Serikali likiwa tupu, je, ni haki kutoa feza kwa ajili ya universite wakati watu hawana mchele? Wengi watajibu upesi: tumbo kwanza. Sisi pia tulijibu vile. Lakini tutazame kwanza mambo ya Hong Kong, koloni la zamani la Waingereza pwani ya China.

Universite ya kule ilifunguliwa mwaka 1912. Desemba 1941 Wajapani waliuteka mji. Walipoondoka mwaka 1945, katika watu milioni 1.6 walikuwa wamebaki 600,000 hivi, wenye njaa. Nyumba kubwa ya universite ilikuwa haina paa. Mbao zake zilikwisha kuibiwa ziwe kuni. Hatuwahukumu sana waliozichukua: chungu hakichemki kwa vitabu. Huko London wakubwa walisitasita. Nani atalipa? Tena koloni dogo lile lahitaji universite?

Twaona walikosa kidogo, maana walihesabu kuta kabla ya watu. Mkuu wa universite, Duncan Sloss, alikuwa amefungwa kambini Stanley. Profesa Lindsay Ride alitoroka kambi ya wafungwa mwaka 1942, akaenda China. Profesa Gordon King naye alivuka kwenda huko, akawatafutia wanafunzi wa uganga nafasi katika universite za Wachina, wasipoteze miaka yao. Basi shule ile haikufa. Ilikuwa safarini tu, nayo ilistahili kupewa nyumba ya kurudia. Masomo yakaanza tena mwaka 1946, na tangu 1949 Ride mwenyewe akawa mkuu wake.

Lakini mwiba mmoja umebaki. Mchukuzi wa bandarini, asiyejua kusoma, aliponunua tumbaku alilipa ushuru, na katika feza ya Serikali mlikuwamo jasho lake. Alisaidia kujenga darasa ambalo labda mwanawe hataingia. Tumwambie nini? Kwamba mganga aliyesomeshwa mle atamtibu siku moja? Ndiyo, kama mganga yule hakufungua mlango wake kwa matajiri peke yao.

Sisi tuliosoma seminari tulikula mihogo ya watu wa vijijini. Tukirudi kwao likizoni, wazee hawakutuuliza habari za mitihani. Walileta barua zao tuwasomee.